Jibu la Tano

Miaka ishirini na mitatu nimeita watu kwa namba. "Namba arobaini na mbili, dirisha la tatu." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, ofisi ya vitambulisho na vyeti, na msidhani ni kazi ya mchezo. Ukumbi umejaa watu mia mbili, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake, na anayewazuia wasirukiane ni mimi na kipaza sauti changu. Aliyejipenyeza nilimrudisha nyuma mbele ya watu wote, awe na cheo asiwe nacho. Wenzangu wakanipa jina la Spika, na jina likanifuata hadi nyumbani. Mume wangu alilipenda kuliko wote. "Spika, chai iko wapi?" Nami namjibu, "Chukua namba, subiri."

Yeye ni fundi wa friji. Kwa mdomo, jamani, hajapata kutokea. Aliongea na mteja, aliongea na friji, aliongea hata na bisibisi ikimdondoka. Nina hakika kuna watu walileta friji zisizo na ubaya wowote, mradi wakae pale kwenye benchi wapige naye soga. Siku kiharusi kilipomkuta alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya watu, tochi mkononi, katikati ya hadithi. Mwenye friji aliniambia alingoja mwisho wa hadithi, akaona kimya, akadhani Fundi anamtania.

Mkono wa kulia na maneno, vyote vilimtoka siku moja. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa na "aa" tu. Njaa "aa", mkojo "aa", funga dirisha "aa". Kuelewa alielewa, nyinyi mngeyaona tu yale macho. Lakini ulimi ulikuwa umesusa kabisa.

Kliniki wakatupa mwalimu wa kusema, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, ukimsikiliza unajikuta umeinama. Akaniwekea kwenye tableti programu ya kadi. "Hii, mama, imetengenezwa kwa watu wanaojifunza lugha za wageni," akasema. "Yeye atajifunza lugha yake." Kadi inatokea na picha, tuseme kijiko. Unaigusa, sauti inasema "kijiko". Mgonjwa anarudia. Akipatia unabonyeza kijani, kadi inakwenda mbali, huonani nayo siku kadhaa. Akikosea unabonyeza nyekundu, inamrudia papo hapo. Programu ilikuwa na sauti zake yenyewe, lakini ni sauti za mashine, zinasema kijiko bila hata kujua kijiko ni nini. Mwalimu akasema tuziondoe. "Weka sauti yako. Ameishi nayo miaka kumi na tisa. Akili yake inaijua njia."

Akanipa masharti matatu. Kila kipande cha sauti kiwe neno moja. Kila kipande nikikate kichwa na mkia, kisibaki kikohozi wala pumzi. Na kadi nizichanganye kila siku. "La tatu ndilo kubwa, mama. Ukiziacha kwa mpangilio atakariri foleni, maneno yenyewe yatampita."

Nikaitikia. Kwa kuitikia sijambo.

Nyumba yetu imepakana na karakana ya kuchomelea mageti, kutwa nzima ni makelele. Mahali pa kimya palikuwa ndani ya kabati la nguo tu. Nikawa naingia, nakaa juu ya mabegi, makoti ya Fundi yananigusa usoni, simu mkononi, orodha kwenye goti. "Maji." Nazima. "Sahani." Nazima. "Mlango." Halafu natoka na jasho, nakaa mezani kukata vichwa na mikia, napachika kila kipande kwenye kadi yake. Kadi mia mbili na nne nilizipa sauti kwa mikono yangu hii. Asije mtu akaniambia sikumhangaikia mume wangu.

Wiki ya tano akasema "maji". Nililia mpaka nikashindwa kubonyeza kijani. Wiki ya sita akasema "kijiko", halafu akasonya. Nikamwambia, "We Fundi, unanisonya mimi?" Akarudia, "Kijiko," akasonya tena, uso mkavu kabisa. Mwalimu alipokuja akaisikiliza ile kadi kwa makini, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akanitazama. "Mama, hukukata mkia." Kumbe siku ile kabatini nilikuwa nimechoka, nimesema kijiko, nimesonya, na msonyo ukabaki mle ndani ya kadi. Yeye amejifunza vyote viwili kwa bidii. Tulicheka sote watatu, yeye kwa upande mmoja wa mdomo. Baadaye nikazipitia kadi zote, nikakuta misonyo kumi na saba.

Sasa hili nalo niliseme, maana mtalisikia tu. Nilimpiga. Mara moja, mkononi, kwa rula ya mbao niliyokuwa naonyeshea picha. Picha ya ufunguo, tumekaa nayo saa nzima, na asubuhi ileile alikuwa ameipatia. Ananitazama tu. Mimi nimeacha kazi miaka miwili kabla ya wakati wangu, nimembeba chooni, nimemlisha, nimejifungia kwenye kabati na makoti, na yeye ananitazama tu. Hasira zikanipanda. Nikaomba radhi palepale, nikampaka mafuta. Mtu aliyemuuguza mgonjwa ataelewa. Asiyewahi anyamaze.

Binti yake mkubwa hakunyamaza. Huyu ni mtoto wa marehemu mke wake wa kwanza, anauza dawa katika mji wa jirani, mtu wa adabu zake, kila akija ameshika matunda. Alimshika baba yake mkono, akaugeuza, akaona alama juu ya kifundo.

"Mama mdogo, hii nini?"

"Amejigonga kwenye meza."

Akaurudisha ule mkono taratibu juu ya paja la baba yake, akamenya chungwa, akamlisha pingili moja moja. Wiki iliyofuata nikapata mgeni kutoka ustawi wa jamii.

Afisa alikuwa mtu mzima, miwani imefungwa uzi, mpole. Akanieleza wazi. Binti ameomba baba yake ahamie kwake. "Mimi sitawasikiliza nyinyi wawili, mama. Nitamsikiliza yeye. Nitarudi baada ya wiki tatu, nitakaa naye peke yake. Akiweza kuniambia anataka kukaa wapi, nitafuata neno lake. Akishindwa, nitaamua kwa nilichokiona."

"Utamuuliza nini?"

"Ya kawaida tu. Jina lake, umri, kazi yake, kama anakula, anaishi na nani. Na anataka kukaa wapi."

Niliyahesabu kwenye vidole. Sita. Alipofunga geti tu nikaingia kabatini.

Nilitengeneza kadi sita mpya. Mbele sauti yangu inauliza, nyuma sauti yangu inajibu. Ya kwanza, unaitwa nani: jina lake. Ya pili, una umri gani: sitini na nane. Ya tatu, kazi yako nini: fundi wa friji. Ya nne, unakula vizuri: ndiyo. Ya tano, unaishi na nani: mke wangu. Ya sita, unataka kukaa wapi: hapa nyumbani. Hii ya sita niliirekodi mara tisa, maana sauti ilikuwa inanitetemeka. Niliogopa. Nimeolewa nikiwa mtu mzima, sina mtoto, nyumbani kwenyewe sina wa kuniambia hodi isipokuwa yeye. Wakimchukua, nabaki na kelele za mageti.

Siku za kwanza nilizichanganya kama nilivyoagizwa. Ikawa balaa. Namuuliza umri, anasema "ndiyo". Namuuliza kazi, anashika kichwa kwa mkono wake mzima, analia. Siku zinakwenda. Kuna kitufe kidogo pale pembeni, cha kuchanganya. Nikakizima. Mimi ni mtu wa foleni, nimekula mshahara wa foleni miaka yote. Nikasema, si ziende kwa zamu, moja, mbili, tatu, na yeye apate pa kushika? Na kweli akapata. Siku nne tu, akawa anapita kadi sita kama ngazi anayoijua. Sikumwambia mwalimu. Niliona raha kusikia zikija moja baada ya nyingine kwa sauti yake, nzito, ileile niliyoikosa miezi saba.

Ya tano tu ndiyo ilikuwa mfupa. "Mke," anasema, halafu anakwama. "Mke..." Namngojea. "Mke..." Haiji. Nyingine zote zinakuja, hii yangu mimi haiji! Hapo rula ikafanya kazi tena. Nilisema mara moja, sivyo? Basi zilikuwa zaidi. Nilikuwa namgonga kidogo kwenye vidole kila akikwama ya tano, kumwamsha tu, sikuwa namwonea. Mwisho akaisema yote. Mke wangu. Nikabonyeza kijani.

Afisa alirudi siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Binti naye alikuja, akabaki kwenye gari ng'ambo ya barabara. Mimi nilitolewa uani. Mlango ukafungwa. Nikajifanya naanika nguo. Nilisikia sauti, maneno siyasikii kwa ajili ya mageti yale. Ya Afisa, nyembamba, halafu kimya, halafu nzito ya Fundi. Kila nikisikia ile nzito nabana kibanio kimoja kwenye kamba. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Hapo pakawa na kimya kirefu, nikajua yuko kwenye ya tano, nikasema moyoni, sema Fundi, sema. Akasema. Vitano. Halafu cha sita. Nilifunika uso kwa shuka lililolowa nikacheka peke yangu, maana nilijua nimeshinda.

Barua ilikuja Jumanne ya wiki iliyofuata. Mgonjwa bado hana uwezo wa kujieleza, majibu yake mengi hayaendani na maswali, na mazingira anamoishi yana mashaka. Atahamia kwa binti yake Jumamosi.

Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni. Hayaendani na maswali! Nikaelewa papo hapo. Yule bwana hakuuliza kwa zamu. Na Fundi wangu, masikini ya Mungu, amemjibu kwa foleni.

Nilikwenda kliniki siku ileile, nikamkuta mwalimu anafunga ofisi. Nikamwambia kila kitu cha kadi. Cha rula sikumwambia. Alinisikiliza, uso ukambadilika. "Nilikuomba jambo moja, mama." Nikamwambia nitukane, ninastahili, lakini nisaidie. Akafikiri. "Kama alikuwa anajibu kwa foleni," akasema, "basi Afisa hakuzungumza naye. Amezungumza na tableti. Mahojiano yale hayana maana, yatabidi yarudiwe. Nitampa mwezi mmoja na kadi zilizochanganywa. Twende tukaione karatasi."

Alhamisi tukawa mbele ya meza ya Afisa. Mimi nimeshika tableti kifuani. Mwalimu akaeleza kwa ile sauti yake ndogo, mpaka Afisa akainama. Hakubisha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Hata mimi niliona ajabu. Yale maswali niliyokutajia, mama, siku ile niliyabadilisha." Akatoa jalada, akaifungua karatasi yenyewe, aliyoandika swali na jibu kwa mkono. "Zisemesheni kadi zenu," akasema, "nami nitasoma niliyoyapata."

Nikagusa kadi ya kwanza. Sauti yangu ikajaa ofisi: unaitwa nani. Ikajibu jina lake.

Afisa akasoma, "Nilimuuliza, umelala vizuri? Akataja jina lake."

Kadi ya pili. Sitini na nane.

"Nilimuuliza leo ni siku gani. Akasema sitini na nane."

Ya tatu. Fundi wa friji.

"Nilimuuliza unaumwa wapi. Fundi wa friji." Afisa mwenyewe akatabasamu kidogo, akatikisa kichwa. Mwalimu akanibana mkono chini ya meza. Mimi nilitaka kusimama nipige vigelegele mle ndani.

Ya nne. Ndiyo.

"Nilimwonyesha picha ya binti yake, nikamuuliza kama anamjua. Ndiyo. Hili nililihesabu kuwa jibu sahihi, lakini sasa naona ni bahati tu."

Ya tano. Sauti yangu ikauliza, unaishi na nani. Ikajibu, mke wangu.

Afisa akaisogeza miwani puani. "Hapa alichukua muda," akasema. "Nilimuuliza, mke wako anakupiga?" Akanitazama juu ya miwani, bila ubaya. "Akasema ndiyo."

Kidole changu kilikuwa bado juu ya tableti. Kikaigusa ya sita chenyewe. Hapa nyumbani, ikasema sauti yangu.

"Nilimuuliza anataka kukaa wapi. Akasema hapa nyumbani."

Mwalimu aliuondoa mkono wake kwenye mkono wangu. Hakuupokonya, aliuondoa tu, akauweka mapajani mwake.

Afisa alikuwa tayari ameichukua fomu nyingine. "Matano kati ya sita yamefuata kadi," akasema. "Kwangu mimi inatosha. Siwezi kumhamisha mtu kwa karatasi ya namna hii, wala siwezi kulishika jibu moja nikayaacha mengine. Nitafuta haya yote, tutarudia baada ya mwezi. Huo mwezi atakaa alipo. Saini hapa, mama, kwamba ndiwe uliyeomba yarudiwe."

Akanisogezea kalamu.

Ndilo nililolifuata. Nilichotakiwa ni kushika kalamu tu. Lakini mimi nimeita watu miaka ishirini na mitatu, na najua mtu anavyokuwa akitoka kwenye mstari. Hatoki hivi hivi. Wote wamesimama kwa zamu, moja, mbili, tatu, nne, halafu mmoja anachomoka, anakuja mpaka dirishani, na ukimtazama usoni unajua ana jambo ambalo haliwezi kungoja. Fundi alikuwa na jibu la tano mdomoni, tayari, nililomtia mimi kwa kumgonga vidole. Lilikuwa linakuja lenyewe. Yeye akalisimamisha. Kile kimya kirefu nilichokihesabia kwenye kamba ya nguo, alikuwa analisukuma pembeni. Akalitafuta jingine kwa ulimi ule uliopooza, akalipata, akalisema. Halafu akarudi kwenye foleni.

Miezi saba nilikuwa nangoja mume wangu aseme kitu chake mwenyewe. Alikisema, na nilikuwa uani.

Hilo la sita, hapa nyumbani, nilitamani kulishika. Mungu ananiona nilivyolitamani. Lakini lilikuja kwa zamu yake, na sauti iliyolisema ni yangu, niliirekodi mara tisa. Majibu matano yalikuwa yangu. Lake lilikuwa moja.

"Mama?" Afisa akasema.

"Hapana," nikasema. Ilitoka ndogo, mimi Spika mzima. "Usifute. Hilo la tano amejibu mwenyewe."

"Una maana gani?"

"Nampiga. Zaidi ya mara moja. Idadi siijui." Mimi, wa kuhesabu kila kitu, hizo sikuzihesabu.

Nje kwenye ukumbi kuna mtu alikuwa anaita namba, vibaya, anameza maneno. Afisa akaichukua kalamu yake, akairudisha fomu kwenye droo.

Jumamosi nilimnyoa, nikamvalisha shati lake la buluu. Hakuuliza kitu, hana maneno ya kuulizia. Nilipokuwa namfunga vifungo niliinua mkono wangu ghafla kushika kola, naye akafumba macho. Nadhani siku zote alikuwa anafumba. Nilimaliza vifungo polepole, mikono yangu chini, mahali anapoiona.

Binti alimketisha kwenye gari, akamfunga mkanda, akarudi mlangoni kuchukua begi na tableti. Macho yalikuwa mekundu. Aliigeuza tableti mkononi.

"Mama mdogo, hizi sauti zako niziache?"

"Zifute," nikamwambia. "Weka yako."

"Zote? Ziko mia mbili na ngapi sijui."

"Zote. Na ukate mikia vizuri, usije ukamwachia kikohozi." Nikamwonyesha kile kitufe kidogo cha pembeni, kilichozimwa. "Na hiki ukiwashe. Kadi zichanganyike."

Akakiwasha palepale, mbele yangu, akaenda kwenye gari.